Daraja la magari tu: namna ya kuliongezea njia ya miguu na baiskeli

Lori la mchanga linaingia darajani, na mama mwenye ndoo kichwani anageuka ubavu na kujibana kwenye ukingo mpaka lipite. Nyuma yake kijana wa baiskeli ya mkaa ameshuka, anasubiri ng'ambo, maana akiingia na magunia yake mawili hakuna gari litakalompita. Kaa kwenye daraja lolote la zamani la barabara zetu, utaiona picha hiyo mara kumi kabla ya chai ya saa nne.

Madaraja mapya mengi hayana shida hii. Lile la Nyerere pale Kigamboni, lililofunguliwa 2016, lilizaliwa na njia ya mita 2.5 kila upande kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Kazi ipo kwenye yale yaliyojengwa kwa kuhesabu magari peke yake, na ambayo hakuna atakayeyabomoa leo wala kesho. Mwongozo huu ni wa mhandisi wa halmashauri, diwani, kamati ya kata, au mwananchi yeyote anayetaka daraja la namna hiyo lipate njia ya watu. Hautakufanya mhandisi wa madaraja. Utakusaidia kujua uulize nini, uanze na lipi, na fedha huwa zinapotelea wapi.

Nianze na onyo. Wazo hili likifika mezani tu, kila mtu huona tayari bawa la chuma limechomelewa ubavuni mwa daraja, na kuna anayemjua fundi. Bawa ni la kufikiriwa mwishoni. Kifaa cha kwanza ni tepu, na kabla ya tepu ni daftari.

HATUA YA 1: KAA DARAJANI UHESABU

Chagua siku tatu: siku ya kazi ya kawaida, siku ya gulio, na Jumapili. Anza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, rudi saa tisa alasiri, kaa mpaka saa mbili usiku. Chora safu kwenye daftari: waenda kwa miguu, wanafunzi, baiskeli tupu, baiskeli zenye mzigo, mikokoteni, viti vya magurudumu, bodaboda, bajaji, magari madogo, mabasi, malori. Kila apitaye, kijistari kimoja.

Andika na mambo mawili ambayo hesabu za kawaida huyaacha. La kwanza ni upande. Watu hawagawanyiki nusu kwa nusu. Hutembea upande wenye shule, soko au kituo cha daladala, na njia ikiwekwa upande mwingine wataendelea kutembea kule kule barabarani. La pili ni wasiokuwepo. Uliza vijiweni nani anavuka kwa mtumbwi, nani anapita juu ya bomba la maji, watoto wa nani wamehamishiwa shule ya mbali kwa sababu mzazi analiogopa daraja. Hao hawamo kwenye vijistari vyako, lakini siku njia ikifunguliwa ndio watakaoijaza.

Pima na vyombo vyenyewe. Mtu mmoja anahitaji kama sentimita 75, mwenye mzigo kichwani zaidi kidogo. Viti viwili vya magurudumu vipishane kwa raha, unahitaji mita 1.8. Baiskeli tupu inakula mita moja ukihesabu na kuyumba kwake. Ya mkaa niliyowahi kuipima, magunia yakiwa yamefungwa huku na huku, ilikuwa mita moja na robo, na mwenyewe akacheka akasema hiyo ni ya leo, wiki iliyopita alibeba makubwa zaidi. Ndiyo maana njia ya pamoja inayokwenda pande zote mbili hupangwa iwe na mita 3. Mita 2 inavumilika pahali pafupi penye watu wachache. Chini ya hapo unajenga ugomvi.

HATUA YA 2: MJUE MWENYE DARAJA

Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Kenya utagawanya kati ya KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za vijijini), zilizotokana na sheria ya barabara ya 2007. Usikisie, barua ikienda ofisi isiyohusika itakaa huko miezi. Kama kuna kazi yoyote itakayogusa mto, hata nguzo moja ya muda, bodi ya maji ya bonde lile na mamlaka ya mazingira nazo zina neno.

Ukimpata mwenye daraja, omba vitu vitatu: michoro inayoonyesha daraja lilivyojengwa kweli (si lilivyopangwa kujengwa), ripoti za ukaguzi za miaka ya karibuni, na mzigo ambao lilisanifiwa kuubeba. Michoro mara nyingi haipo. Hilo halimalizi safari, linaongeza kazi: daraja litapimwa upya, nondo zitatafutwa kwa kifaa cha kuziona ndani ya zege, na vipande vya zege vitatobolewa vipelekwe maabara. Weka gharama hiyo mwanzoni. Uliza pia nini kimeshaning'inizwa hapo: bomba la maji, nyaya za simu, kebo ya umeme. Kila kimoja kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana barua yake.

HATUA YA 3: TEPU, NA SWALI LINALOOGOPWA

Sasa pima kutoka ukingo hadi ukingo. Tuchukue daraja la kufikirika lenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 10.5 ndani ya kingo zake: njia mbili za magari za mita 3.65 kila moja, na bega (ukanda wa pembeni ya njia) la mita 1.6 kila upande. Ukilitazama utasema halina nafasi. Lakini lori lina upana wa mita 2.5 na kitu, bila vioo. Punguza kila njia ya magari iwe mita 3.1, jumla 6.2. Acha sentimita 40 upande wa ukingo wa magari, sentimita 30 kando ya kizuizi cha kutenga magari na watu, kizuizi chenyewe cha zege sentimita 60. Jumlisha: 7.5. Umebakiwa na mita 3 kamili za njia ya watu, na hujachomelea hata bolti moja.

Gharama yake ni mwendo na bega. Njia zikibanwa hivyo magari yapunguze kasi, 50 au hata 30, kwa alama na kwa matuta kabla ya kuingia. Na gari likiharibika katikati, hakuna pa kulisogeza. Hapo ndipo mabishano yatakapokuwa, kwa hiyo uwe na jibu mapema: gari la kuvuta liko wapi, litafika kwa dakika ngapi.

Wenzetu wameshalipitia hili. Vancouver, Kanada, wana daraja la Burrard la 1932. Kwa miaka walijadili kulipanua kwa mabawa, gharama zikawa zinapanda kila zikikokotolewa, na wapenda historia hawakutaka sura ya daraja iharibiwe. Mwaka 2009 jiji likaamua kujaribu: njia moja ya magari ikatengwa kwa vizuizi, ikapewa baiskeli. Watu walitabiri foleni za kufika mbinguni. Hazikuja, na jaribio likageuka kuwa la kudumu. New York nayo, kwenye daraja la Brooklyn la 1883, waenda kwa miguu na baiskeli walikuwa wakisukumana kwenye njia moja ya juu. Septemba 2021 njia moja ya magari ikageuzwa kuwa ya baiskeli.

Mfano wa tatu ni mchungu kidogo, na ndiyo sababu nauleta. Daraja la Richmond–San Rafael huko California lilipewa njia ya watu Novemba 2019 kwa kuchukua bega la sitaha ya juu, yenye upana wa kama mita 3, ikitengwa na kizuizi cha zege kinachosogezwa na gari maalumu. Iliwekwa kwa majaribio. Wenye magari hawakuacha kulilia bega lao, na 2025 ikaamuliwa njia ifunguliwe kuanzia Alhamisi alasiri hadi Jumapili tu, siku nyingine bega lirudi kuwa bega. Jaribio ni kitu kizuri, ila andika kabla ya kuanza litahukumiwa kwa kipimo gani. Usipoandika, litahukumiwa kwa kelele.

Daraja likiwa jembamba zaidi na magari machache, liko jibu jingine: magari yapite kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine, kwa taa au kwa alama ya nani atangulie. Waliowahi kusafiri Chalinze kwenda Segera wanalikumbuka daraja la zamani la Wami na kusubiriana kwake. Kwenye barabara kuu ni adha. Kwenye barabara ya kata yenye magari mia mbili kwa siku ni jibu zuri kabisa, na linaweza kukamilika ndani ya mwezi mmoja.

HATUA YA 4: UZITO, NA KWA NINI WATU NI WAZITO KULIKO MAGARI

Hapa ndipo wengi hushangaa. Daraja linalobeba malori litashindwaje kubeba watoto wa shule?

Gari lina nafasi tupu mbele na nyuma. Umati hauna. Wahandisi wanaofuata kanuni za Ulaya hukokotoa njia ya watu kwa mzigo wa kilonyutoni 5 kwa kila mita ya mraba, yaani karibu nusu tani, kama vile watu wamesongamana siku ya maandamano au mwenge. Kwenye daraja letu la mita 100, njia ya mita 3 ni mita za mraba 300, sawa na tani 150 za watu. Foleni ya magari madogo kwenye njia moja ya urefu huo haifikii hata robo ya hapo.

San Francisco waliliona kwa macho. Mei 1987, daraja la Golden Gate lilipotimiza miaka 50, lilifungwa kwa magari na kufunguliwa kwa watu. Takribani watu 300,000 walibanana juu yake. Mgongo wa daraja, ambao siku zote umeinuka kama upinde, ukanyooka. Daraja lilikuwa salama, lakini malori ya miaka hamsini hayajawahi kulifanyia vile.

Kwa hiyo hesabu tatu lazima zifanywe na mhandisi mwenye leseni, si kwa kukisia: uzito wa njia yenyewe, uzito wa watu wakijaa, na hali mbaya zaidi ambapo watu wamejaa upande mmoja na malori yako upande huo huo. Hata ile njia ya kugawa upya barabara haikwepi hesabu. Kizuizi cha zege cha kawaida, kile kipana chini na chembamba juu, kina kilo 600 hivi kwa kila mita. Mita 100 ni tani 60 ulizoziongeza juu ya daraja la mzee.

Na hapa nina siri ya kazi. Kabla ya kusema daraja halina uwezo, toboa lami upime unene wake. Madaraja ya zamani huwekwa lami juu ya lami kila barabara inapokarabatiwa, kwa sababu kukwangua ya zamani ni kazi na hakuna anayeangalia. Sentimita 5 za ziada kwenye upana wa mita 7 na urefu wa mita 100 ni meta za ujazo 35, na lami ina tani 2.3 hivi kwa meta ya ujazo. Hizo ni tani 80 zilizolala pale bila faida yoyote. Zikwangue, weka tabaka jembamba jipya, umelipia kizuizi chako chote na chenji imebaki.

HATUA YA 5: BAWA, KAMA HAKUNA BUDI

Ikiwa barabara haigawanyiki, basi ni bawa: mikono ya chuma iliyofungwa kwenye daraja kila baada ya mita kadhaa, juu yake sakafu, nje yake ukingo. Fikiria matengo ya ngalawa. Ngalawa ina matengo mawili kwa sababu. Bawa la upande mmoja linalipindua daraja, na msokoto huo unaishia kwenye beringi (vikalio ambavyo boriti zimelalia) na nguzo ambazo hazikuhesabiwa kwa ajili yake. Mhandisi wako akikuletea hesabu ya boriti bila ya beringi na nguzo, mrudishie.

Mkono ufungwe wapi? Swali hili ndilo lenye roho za watu. Ukingo wa slebu ya zege (bamba la sakafu ya daraja) ukivutwa kwa nje, juu yake ndiko kunakotanuka, na zege haiwezi mvuto. Nondo ndizo zinazobeba. Kama nondo za juu ni chache au zimeliwa na kutu, ukingo utakatika kama biskuti. Mara nyingi ni salama zaidi kuufunga mkono kwenye boriti yenyewe, kwa bolti zinazopenya upande hadi upande na kukazwa na nati nyuma ya sahani. Usikubali bolti zilizogandishwa kwa gundi zikabeba mzigo wa kuvuta saa zote, mwaka hadi mwaka. Julai 2006 huko Boston vipande vya dari ya zege ya barabara ya chini ya ardhi viliangukia gari na kuua mtu, kwa sababu gundi ya epoksi iliyoshika bolti zake ilikuwa ikiachia polepole chini ya uzito wa kudumu. Hakukuwa na tetemeko wala dhoruba. Ni uzito na muda tu.

Kama boriti ni za zege yenye nyaya zilizovutwa ndani, usitoboe tundu hata moja kabla hazijajulikana zinapita wapi. Keekee ikikata waya mmoja, umepunguza uwezo wa daraja zima, na hakuna wa kuuunga.

Sakafu iwe nyepesi. Zege ya sentimita 15 kwenye mita 3 ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya urefu. Sahani ya chuma yenye vinundu, milimita 6, ni kama kilo 150 kwa upana huo huo. Siku hizi kuna sakafu za plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, hazishiki kutu na hazina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Jambo hili la mwisho si mzaha, nitalirudia.

Kuhusu upande: kama hesabu ya Hatua ya 1 inaruhusu, weka bawa upande maji yanakoelekea. Mto ukifurika, magogo na matete hugonga upande yanakotoka, na bawa lililoning'inia chini litayakusanya kama wavu. Usilishushe kamwe chini ya tumbo la boriti.

Wanaofikiri bawa ni jambo jepesi wasome habari za Auckland, New Zealand. Daraja la bandari lilifunguliwa 1959 na njia nne za magari. Njia za watu zilikuwa kwenye mawazo ya awali, zikaondolewa kupunguza gharama. Miaka kumi baadaye, 1969, likaongezewa mabawa mawili yaliyotengenezwa Japani, njia mbili kila upande, yote kwa magari. Kufikia miaka ya 1980 chuma cha mabawa kilishaanza kupata nyufa za uchovu. Watu wa miguu na baiskeli waliendelea kudai yao, mipango ikapangwa na kupanguliwa, mpaka Mei 2021 waendesha baiskeli wakavunja mstari wa polisi na kuingia darajani. Siku chache baadaye serikali ikatangaza daraja la pekee kwa ajili yao, la dola za huko milioni 785. Oktoba mwaka ule ule likafutwa. Akiba iliyopatikana kwa kukata njia ya watu katika miaka ya 1950 sijui mtu angeiitaje leo.

Daraja la pekee, lenye nguzo zake pembeni ya lile la zamani, ndilo chaguo la mwisho, na kwenye mto mwembamba wakati mwingine huwa la bei nafuu kuliko bawa. Lipigie hesabu na lenyewe kabla ya kuamua. Mombasa walifanya la namna yake kwenye mlango wa bahari, pale kivuko cha Likoni kilipoelemewa: daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021, lilijengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu.

HATUA YA 6: ULIZA KUHUSU KUTIKISIKA

Njia nyepesi na nyembamba inaweza kuwa imara na bado ikacheza. London walifungua daraja la waenda kwa miguu la Millennium tarehe 10 Juni 2000. Likayumba kushoto na kulia, watu wakaanza kutembea kwa kufuata myumbo ili wasianguke, na kadiri walivyoufuata ndivyo lilivyozidi. Lilifungwa baada ya siku mbili, likarudi Februari 2002 likiwa limefungwa vipunguza mtikisiko. Mtu anapotembea hupiga chini kama mara mbili kwa sekunde na kusukuma pembeni kama mara moja. Muulize mhandisi: bawa letu lenyewe linatikisika kwa kasi gani? Jibu likiangukia karibu na namba hizo, arudi kwenye mchoro. Malori yakipita nayo hutikisa, na hata pasipo hatari, mtu akihisi sakafu inaruka chini ya miguu yake hatarudi tena.

HATUA YA 7: MIISHO

Nimeona njia nzuri ya darajani inayomtema mtu kwenye mtaro. Mkandarasi alilipwa kwa mita 80 za daraja, akajenga mita 80 za daraja, na pale zilipoishia kulikuwa na kishuka cha nusu mita na magugu. Wanafunzi walirudi barabarani wiki ya kwanza.

Kwa hiyo mkataba uanzie mahali mtu anapotokea: kituo, shule, njia panda. Mteremko wa kupandia usizidi mita 1 kwa kila mita 20. Pakibana sana, 1 kwa 12, penye sehemu bapa za kupumzikia, ili mwenye kiti cha magurudumu na mwenye mkokoteni wapande bila kuomba msaada. Ngazi pekee hazifai. Mahali pa kuvuka barabara pawekwe kabla ya daraja, dereva anapoona mbali, pasiwe kwenye kona ya kuingilia.

Halafu bodaboda. Watu huomba nguzo fupi za kuzizuia. Niseme ukweli: hakuna nafasi inayompitisha mwenye kiti cha magurudumu na baiskeli ya mkaa ikaizuia pikipiki. Nguzo moja katikati, ikiacha karibu mita 1.5 kila upande, inazuia magari, na hapo ndipo mwisho wa uwezo wake. Bodaboda zinazuiwa na foleni isiyokuwepo barabarani, na kwa wenyewe kukubaliana kijiweni. Waite kwenye kikao cha kwanza, si cha mwisho.

HATUA YA 8: VITU VIDOGO VINAVYOUMIZA

Ukingo wa nje uwe na urefu wa mita 1.1 kwa wanaotembea. Palipo na baiskeli nenda mita 1.4, maana mwenye baiskeli kiuno chake kiko juu. Nondo za ukingo zisimame wima, zisilale kama ngazi ya kupandia watoto, na nafasi kati yake isizidi sentimita 10.

Pale vipande vya daraja vinapoachana ili vipanuke kwa joto, mwanya ufunikwe kwa sahani isiyoteleza. Vyuma vya mitaro vikatishe njia, visiende nayo sambamba, la sivyo tairi ya baiskeli itaingia na mwenyewe atatangulia mbele. Sakafu ilale kidogo, sentimita 2 kwa kila mita, maji yasituame.

Sasa vyuma chakavu. Kila kitu kinachofunguka kwa spana kitafunguliwa. Nati zipigwe tone la welding baada ya kukazwa, kisha mahali hapo papakwe rangi ya zinki, kwani welding huchoma kinga. Taa za sola ziwekwe juu mtu asikofika, betri juu pamoja na taa. Ukingo wa zege au wa mabomba yaliyojazwa zege hauna mnunuzi.

HATUA YA 9: KUJENGA NA KUTUNZA

Anza na jaribio la vizuizi vya plastiki vilivyojazwa maji, wiki nne, kabla ya kumwaga zege lolote. Utajua foleni inakuwaje, na utajua watu wanapita upande gani. Wakati wa ujenzi, waliokuwa wakipita kwa miguu lazima wabaki na pa kupita kila siku; hilo liandikwe kwenye zabuni kama kazi yenye bei yake, vinginevyo mkandarasi ataweka utepe na kuondoka.

Kwenye bajeti ya mwaka ya matengenezo weka mstari wa kufagia. Mchanga ukikaa sentimita moja, baiskeli zitarudi barabarani, na mchanga uleule hushika unyevu unaokula chuma. Baada ya kila masika, mtu ashuke chini na tochi na nyundo ndogo agonge kila bolti ya mikono asikilize: iliyokaza hulia, iliyolegea hubweka. Alama ya rangi ivutwe kutoka kwenye nati hadi kwenye sahani siku ya kukaza, ili mwaka unaofuata aone kwa jicho kama nati imezunguka.

Na lile daftari la Hatua ya 1 lisipotee. Miezi sita baada ya kufungua, rudi siku zile zile tatu, saa zile zile, kaa pale pale ulipokaa, uhesabu tena.